Kamata, tibu, peleka mbali au unda kamati: kata ianze na ipi kwa vijana wanaotumia dawa za kulevya?

Mkutano wa mtaa ukifika kwenye mengineyo, suala la vijana na bangi haliachi kuibuka, na wanaosimama huwa na majibu manne. Mmoja anataka polisi wafagie vijiwe. Wa pili anasema hao ni wagonjwa, wapelekwe hospitali ya Maweni. Wa tatu ana jamaa aliyempeleka mwanawe nyumba ya upataji nafuu (sober house) huko mbali, akarudi mzima, kwa hiyo wote waende huko. Wa nne, aghalabu mtendaji, anapendekeza iundwe kamati. Mwenyekiti anafunga kwa kusema yote yamepokelewa.

Kata haina uwezo wa kuyapokea yote. Ina fedha kidogo na watu walewale watano sita wanaoitwa kila jambo likitokea, kuanzia kipindupindu hadi mbio za mwenge. Itabidi ianze na moja, mengine yajipange nyuma yake. Ulinganisho huu nimeuandika nikiiwaza zaidi Kigoma Ujiji, ila ndugu zetu wa Tabora watajiona humo pia, kwa sababu reli ni moja na vijana wanapanda na kushuka.

Kipimo changu nakitaja mapema ili asiyekikubali asipoteze muda: kijana akitoka mkono mmoja kwenda mwingine, nani anampokea? Polisi ana kazi yake na anaijua. Nesi anaijua yake. Shehe, mchungaji, mwalimu, mama mzazi, kila mmoja ana sehemu anayoiweza. Kijana anapotelea katikati yao. Anatoka mahabusu Ijumaa na hakuna aliyeambiwa. Anaandikiwa tarehe ya kurudi kliniki, haendi, na hakuna anayeuliza. Njia yoyote isiyojibu swali hilo mimi siipi alama, hata kama ina bango zuri.

Kwanza: ni kitu gani kinachotumiwa kwenu?

Bangi, mirungi, unga na gongo havitibiwi kwa njia moja, na hapa ndipo mijadala yetu inapoharibika mapema.

Mtu wa unga, yaani heroini, mwili wake umeshaizoea. Akikosa anaingia arosto: viungo vinauma, makamasi yanatoka, tumbo linaharisha, usingizi hauji. Ni mateso makubwa, lakini kwa mtu mzima ambaye hana maradhi mengine ni nadra yamuue. Tena yeye ana dawa, methadoni, inayotuliza arosto na kumrudisha kwenye maisha ya kawaida.

Bangi haina methadoni yake. Mvutaji hutibiwa kwa ushauri nasaha, kwa kubadilishiwa mazingira na marafiki, na kwa kupata shughuli. Akianza kusikia sauti au kuamini kwamba majirani wanamwinda, hapo anahitaji daktari wa afya ya akili na dawa, wala asingojewe mpaka apande juu ya bati na panga. Mirungi nayo haina dawa maalumu ya kuiziba.

Pombe wengi hawaihesabu kwa kuwa si kosa kuinywa. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, gongo haikwenda popote. Basi lisikieni hili hata kama mengine mtayasahau: mtu anayekunywa pombe kali kila siku kwa muda mrefu, akikatishwa ghafla, anaweza kupata degedege, kuweweseka na kufa. Ule utaratibu wa kumfungia kijana chumbani "mpaka imtoke" ni hatari zaidi kwa mlevi wa gongo kuliko kwa mtu wa unga. Yeye aanzie hospitali.

Kwa ninayoyasikia mitaani kwetu, kilio kikubwa ni bangi na gongo, unga unafuata nyuma. Kama kwenu ni hivyo, mpango uliobuniwa kwa ajili ya unga wa Dar es Salaam hauwezi kubebwa mzimamzima ukashushwa mwaloni Kibirizi. Kama kwenu ni tofauti, na pale stesheni Tabora huenda ikawa tofauti, basi na uchaguzi wenu utofautiane.

Ulinzi wa mtaa na polisi

Hii ndiyo njia iliyo karibu kuliko zote. Ukiamua leo, usiku inaanza. Polisi kata anajulikana kwa jina, ulinzi shirikishi unajua kila uchochoro, na Tabora wana sungusungu iliyozaliwa Unyamwezi na Usukuma mwanzoni mwa miaka ya 1980 dhidi ya wizi wa ng'ombe na ujambazi. Wazee wengi bado wanaiamini kuliko ofisi yoyote, na wana sababu.

Kwa muuzaji, sina ubishi na njia hii. Anayeuza kete jirani na shule si mgonjwa wa kuombewa ushauri nasaha. Taarifa zake ziende polisi au Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoundwa kwa Sheria Na. 5 ya 2015, ambayo namba yake ya bure ni 119. Kumvamia wenyewe kwa marungu tusijaribu. Tumeona watu wakipigwa kwa kisa cha jirani mwenye kinyongo.

Kwa mtumiaji hesabu inageuka. Mwizi wa ng'ombe kijiji kinataka kumtoa. Huyu mvuta bangi ni mtoto wa nyumba ya tatu, mama yake anauza mawese sokoni, na mama huyo akijua kinachomngoja mwanawe ni kipigo atamficha hadi ugonjwa uwe mkubwa. Kijiwe kikifagiwa nyuma ya soko la Mwanga kinahamia kwenye mawe ziwani, na yule mhudumu wa afya aliyekuwa ameanza kuzoeana nao hawaoni tena. Kuna na jambo la gereza. Mtu wa unga akikaa ndani miezi kadhaa bila kutumia, mwili unasahau kiwango cha zamani. Akitoka akajipa kipimo alichokuwa anatumia, anaweza kuacha kupumua hapo hapo. Siku za kwanza uraiani ndizo mbaya kuliko zote, na ndizo ambazo kwetu hakuna mtu anayemngoja getini.

Ureno walibadili sheria yao mwaka 2001: anayekutwa na kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe, kisichozidi mahitaji ya siku kumi, haendi mahakamani, anaitwa mbele ya jopo dogo lenye watu wa sheria, afya na ustawi wa jamii. Kwetu sheria si hiyo. Kukutwa na msokoto ni kosa la jinai, na hatuwezi kumwomba polisi aiweke sheria mfukoni. Tunachoweza kumwomba ni simu moja: akimshika mtumiaji, afisa ustawi wa jamii ajulishwe siku hiyohiyo. Sijaona sheria inayokataza simu.

Mlango wa hospitali

Maweni kwa Kigoma na Kitete kwa Tabora ni hospitali za rufaa za mkoa. Huko ndiko rufaa za afya ya akili kutoka zahanati na vituo vya afya zinakoelekea. Ubora wa njia hii ni kwamba inatofautisha: huyu ana saikosisi ya bangi, yaani zile sauti na hofu zisizo za kweli, huyu ana homa ya ini, huyu ana kifua kikuu kilichojificha nyuma ya kikohozi cha moshi, huyu hana ugonjwa ila ana msiba ambao hajaulilia. Mkutano wa mtaa hauwezi kuyajua hayo kwa kumtazama mtu usoni.

Watu wakitaja hospitali hukimbilia methadoni, basi tuiseme ilivyo. Huduma hiyo ilianza Muhimbili Februari 2011, ikafuata Mwananyamala na Temeke, baadaye ikatoka Dar es Salaam na kufika Dodoma, Mbeya, Mwanza na kwingine. Haina malipo. Ni dawa ya maji, kwa kawaida mgonjwa huinywa mbele ya mhudumu, na huinywa kila siku. Hilo la kila siku ndilo linaloamua mambo mkoani kwetu. Kijana wa Kakonko au wa Uvinza vijijini hawezi kulala kwake na kunywa dawa mjini kila asubuhi. Kabla hamjaahidi methadoni kwenye mkutano, mtu mmoja aende Maweni au Kitete aulize rufaa yake inapitia wapi sasa na mgonjwa atalala wapi.

Wengi husimulia habari ya Muhimbili na kuruka mwanzo wake. Wale wagonjwa wa kwanza hawakuamka siku moja wakapanga foleni dirishani. Asasi za kiraia zilikuwa zinashinda vijiweni, zinaongea nao, zinawaandaa, ndipo zinawafikisha kliniki. Na miongoni mwa waliokuwa wakienda vijiweni walikuwamo waliopita huko wenyewe. Kliniki nayo iliunganisha vipimo vya VVU na kifua kikuu mahali pamoja, ili mtu asizungushwe majengo manne akakata tamaa kwenye la pili. Mwenye kutaka kuiga Dar es Salaam aige hapo, maana hapo hapahitaji hata chupa moja ya methadoni.

Udhaifu wa hospitali ni kwamba inangoja. Asiyerudi hafuatwi. Hapa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wangefaa sana. Tayari wanapita nyumba kwa nyumba kuuliza habari za wajawazito na vyandarua. Kuongeza swali la kijana aliyekosa tarehe yake si kazi ya ajabu, mradi wamefundishwa na wanajua kufunga mdomo.

Nyumba za upataji nafuu

Hizi nitazipitia haraka, kwa sababu kwa kata nzima si jibu. Ni nyumba ambazo mraibu huishi miezi kadhaa bila kutumia, mara nyingi zikiendeshwa na asasi au watu waliowahi kutumia wakaacha, na familia ndiyo inayolipa. Zipo nzuri, na kuna vijana walionusurika humo. Lakini Kigoma ni mwisho wa reli, kilomita 1,250 hivi kutoka Dar es Salaam. Mzazi anayeuza ng'ombe wawili ili kumpeleka mwanawe huko ana haki ya kuuliza maswali kabla ya kulipa: daktari wao ni nani, mlevi wa pombe kali wanampokeaje siku tatu za mwanzo, je wanafunga watu kwa minyororo, ndugu wanaruhusiwa kumwona lini. Wakijibu kwa ukali, chukua mtoto wako urudi.

Kisha lile swali langu: akirudi, anashukia mikono ya nani? Akishuka stesheni na kukuta wanaomsubiri ni wenzake wa kijiwe, ng'ombe wawili wamekwenda.

Na kwa kuwa wengi huanzia huko, niseme: dua na maombi vina nafasi yake. Msikiti wa Ujiji au jumuiya ndogondogo ya mtaa inaweza kukaa na kijana jioni kumi mfululizo, jambo ambalo hakuna hospitali inayoliweza. Ninachoomba kwa mashehe na wachungaji ni kwamba asiwepo wa kumwambia mgonjwa aache vidonge kwa kuwa sasa ana imani.

Kamati

Nimewahi kukaa kwenye kamati, kwa hiyo naziogopa. Kamati inaanza na watu kumi na tano, muhtasari unaandikwa vizuri, posho inaulizwa kikao cha pili, na kufikia cha nne waliobaki ni mtendaji na mwalimu mmoja. Kijana aliyekuwa ajenda hana habari kwamba alijadiliwa. Tena kata nyingi zimeshakuwa na kamati ya MTAKUWWA, ule mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ambamo polisi, afya, elimu, dini na ustawi wa jamii wanakutana. Kuunda nyingine pembeni yake ni kuwaita watu walewale mara mbili.

Pamoja na hofu yangu, hii ndiyo njia pekee kati ya nne inayoweza kuziunganisha tatu za mwanzo, ikiwa itageuzwa kichwa chini miguu juu. Badala ya kuanza na kamati inayotafuta kazi, anza na mtu mmoja mwenye kazi, kisha mpe kamati ndogo ya kumsaidia. Watu wa Kigoma wanaujua utaratibu huu kuliko mikoa mingi, kwa sababu ya kambi za wakimbizi. Waliofanya kazi Nyarugusu, kambi iliyopo tangu 1996, wameona mashirika mengi yakigombania barabara moja, lakini shauri la mtoto likawa na msimamizi wake mmoja: anaandika fomu ya rufaa, anampigia simu aliyeko upande wa pili, na shauri halifungwi mpaka ajibiwe amefika au hajafika. Vijana wetu waliojifunza kazi hiyo kambini wengine wako mtaani sasa, hawana ajira. Sioni kwa nini tusiwaombe.

Msimamizi huyo kwa kata awe afisa ustawi wa jamii. Pasipo naye, na pengi hayupo, awe afisa maendeleo ya jamii au nesi wa kituo cha afya. Kamati yake isizidi watu watano: polisi kata, mtu wa afya, mzazi anayeaminika, kiongozi wa dini kwa zamu, na mmoja aliyewahi kutumia akaacha. Huyu wa mwisho wenyeviti humkataa kwa aibu, lakini ndiye pekee anayeweza kuingia kijiweni saa moja usiku bila watu kutawanyika.

Mkae pia kwenye suala la siri kabla hamjaanza, maana hapo ndipo ushirikiano mwingi huvunjika. Polisi akishajua kuwa nesi ana daftari la majina, atalitaka. Nesi akilitoa mara moja, hakuna mvutaji atakayekanyaga kliniki tena. Makubaliano yawe ya upande mmoja: majina yanatoka polisi kwenda kwa msimamizi, hayarudi. Kamati inajadili idadi na vikwazo, haijadili mtoto wa fulani. Daftari liwe na kufuli na likae kituo cha afya.

Vijana wawili wapite njia zote

Tuseme kuna mvuvi wa miaka ishirini na miwili pale Kibirizi. Anavuta bangi, anakunywa gongo kila siku, na mwezi huu ameanza kuongea peke yake. Kwa njia ya ulinzi atalala mahabusu, na pombe ikimtoka ghafla huko anaweza kupata degedege usiku akidhaniwa anajifanya. Nyumba ya upataji nafuu itampokea kama familia ina fedha, na kama haina daktari hatari ni ileile. Kamati ya watu kumi na tano itamjadili mwezi ujao. Kwa mlango wa hospitali atatibiwa pombe na akili kwanza, ambavyo ndivyo vinavyoweza kumuua, ila baada ya kutoka atarudi mwaloni. Akiwa na msimamizi, BMU ya mwalo, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, itaombwa imtafutie kazi ya mchana ya kuanika dagaa badala ya chombo cha usiku, na mhudumu wa afya wa mtaa atamwona kila wiki. Kwa huyu sina shaka: hospitali kwanza, msimamizi nyuma yake, nyumba ya mbali isifikiriwe hata kidogo.

Wa pili yuko stesheni Tabora, anatumia unga miaka mitatu, anaiba kidogo ili apate kete. Huyu mahabusu anaijua, kwa hiyo ile simu ya polisi ndiyo nafasi bora ya kumpata. Kitete wampime na kumwelekeza rufaa ya methadoni. Ikiwa rufaa hiyo inamtaka ahamie mji mwingine, na ana shangazi huko anayekubali kukaa naye, aende. Kama hana, hapo nyumba ya upataji nafuu yenye daktari inaanza kuwa na maana, na fedha za msaada wa kata, zikiwepo, ziende kwake kuliko kwa mvuvi.

Vijiji vya tumbaku, Urambo na Kaliua kwa mfano, ninavitenga. Afisa ustawi wa jamii yuko mbali, lakini chama cha msingi cha wakulima kina uongozi, kina mikutano, na kinajua nani kalipwa shilingi ngapi msimu wa masoko. Huko msimamizi angetoka kwenye chama, akishirikiana na zahanati, na sungusungu wabaki na wauzaji.

Baada ya tiba kuna kuishi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na katika hiyo asilimia 4 ni ya vijana. Afisa maendeleo ya jamii ndiye anayeshughulika na vikundi hivyo. Kuwaweka watano waliotoka kijiwe kimoja kwenye kikundi kimoja cha mkopo nisingeshauri. Mchanganyeni mmoja au wawili ndani ya kikundi kinachokwenda vizuri.

Gharama za kuanza si za kutisha: vocha za simu, nauli ya bodaboda hadi Maweni, daftari na kufuli. Posho ya vikao ifutwe, pesa hiyo ilipe nauli. Na kwa walioko pembezoni mwa ziwa, msiitishe kikao cha kwanza wakati wa giza, wavuvi wako majini na taa zao usiku kucha na mchana wamelala. Subirini mbalamwezi, dagaa hawafuati taa na vyombo viko nchi kavu. Siku hizo ndizo vijiwe vya Kibirizi na Katonga vinajaa, fedha ipo mfukoni na kazi hakuna. Polisi kata na yule kijana aliyeacha waende siku hizo, kila mmoja kwa wakati wake, wasiongozane.